Daftari la Sarafu Saba

Sarafu ya saba iliingia nyumbani Jumanne jioni, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga ambao mke wa fundi aliutumia kuwekea mauzo ya kibanda chake cha chai. Fundi alimimina mkebe wote juu ya sinia, akavuta kiti hadi dirishani apate mwanga uliobaki, akaweka lenzi jichoni. Mkewe alikuwa anakunja mifuko. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, uso ameuelekeza kwenye redio ambayo haikuwa imewashwa.

"Hizo ni hela za mkate wa kesho," alisema mkewe. "Usizichanganye na utaalamu."

"Utaalamu wangu hauli mkate, mama watoto."

"Wala hauleti."

Fundi alicheka. Alikuwa mwepesi wa kujicheka. Aliona ni afadhali awawahi watu kuliko kusubiri wamcheke wao. Alizisogeza sarafu moja moja kwa ncha ya penseli, akitazama herufi, tarehe, nembo, ukingo. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba sarafu hugongwa kati ya vyuma viwili vyenye chapa, ndani ya pete inayozuia chuma kisitanuke. Pete ikiwa mbovu, au chapa ikilegea, sarafu hutoka na kosa. Wakaguzi wakipitiwa, kosa hilo linaingia sokoni na kununulia watu nyanya, mpaka siku moja liangukie mikononi mwa mtu mwenye macho. Na wako watu duniani wanaolipa mara elfu kwa ajili ya kosa kama hilo. Fundi alijihesabu kuwa mtu mwenye macho.

"Hii hapa," alisema.

Ilikuwa sarafu ya shilingi ishirini, kama zile sita za kwanza. Aliipima kwa kalipa, koleo lake la kupimia upana. Sarafu ya ishirini iliyo sawa ina upana wa milimita ishirini na tano. Hii ilikuwa na ishirini na tatu na nusu. Ukingo wake ulikuwa mnene na laini, bila vijino, na herufi zilikuwa zimebanwa hadi kwenye ukuta wa ukingo kama watu waliosongamana kwenye varanda siku ya mvua. Aliiweka kwenye mizani ndogo. Uzito karibu ule ule. Chuma hakijapotea, kimehama tu. Alifungua daftari lake lenye safu nne, tarehe, upana, uzito, hali ya ukingo, akaandika kwa mwandiko wa kuchapa.

"Nipe nishike," alisema mama mkwe.

Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. La kulia lilipangiwa upasuaji tarehe kumi na nne ya mwezi uliofuata, kwa kadi ya matibabu ya kazini kwa fundi. Aliipokea sarafu, akaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, akaipitisha shavuni.

"Baba, hii imesuguliwa."

"Haijasuguliwa, mama. Imegongwa ndani ya pete ndogo. Ni kosa la kiwandani."

"Imesuguliwa muda mrefu. Iko kama kipande cha sabuni kilichobaki."

"Mama, hili ni jambo la macho," alisema fundi kwa adabu zote.

"Haya," alisema mama mkwe. "Mwenye macho ni wewe."

*

Kazini kwake fundi aliitwa Milimita. Palikuwa mahali pa kufulia nguo za hoteli mbili, hospitali moja na kampuni ya walinzi: mashine tano za kufua, tatu za kukausha, meza ndefu ya wanawake wanaopiga pasi. Fundi alikuwa ametunza mashine hizo kwa miaka kumi na tisa. Kila moja alikuwa ameifungulia daftari la hali yake, na hakuna aliyewahi kumwomba afanye hivyo.

Mashine namba tatu ya kukaushia ilikuwa inagonga. Kak, kak, kak, kila ngoma ilipozunguka. Fundi alikuwa ameandika ripoti ya kurasa mbili kuthibitisha kuwa ni beringi. Beringi zikaagizwa kutoka mbali, zikaja, akazifunga mwenyewe. Mashine ikanyamaza siku mbili, halafu ikaanza tena. Tangu hapo ilikuwa inanyamaza na kuanza ipendavyo. Jumanne ilikuwa imenyamaza saa nne asubuhi. Jumatano ilianza upya, tena kwa nguvu zaidi.

Meneja alikuja mwenyewe, akasimama katikati ya chumba, mikono nyuma.

"Fundi. Hii sauti nimeinunulia beringi mbili."

"Ndiyo, bosi."

"Beringi ziko wapi?"

"Ziko ndani."

"Na sauti?"

"Nayo iko ndani, bosi. Wanaishi pamoja."

Wanawake wa pasi waliangua kicheko. Meneja hakucheka. Mfagiaji, mwanamke mwembamba aliyefunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi, alipita katikati yao akiwa ameinama, akavuta droo ya chini ya mashine inayokusanya manyoya ya nguo, akaanza kuyazoa. Fundi alisogeza mguu ampishe. Katika miaka kumi na tisa hakuwa amewahi kuivuta droo ile. Kazi ya fundi ilianzia nyuma ya mashine. Ya mfagiaji ilikuwa chini.

"Ripoti yako niliisoma yote," alisema meneja. "Ina michoro. Ina hesabu za hadi nukta mbili. Kitu kimoja tu haina: ukweli."

"Bosi, nipe muda kidogo."

"Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo namwita fundi wa kampuni iliyoiuza mashine. Na nikishamlipa huyo, sitakuwa na sababu ya kulipa mafundi wawili."

Alisema hayo mbele ya watu kumi na mmoja. Fundi aliwahesabu. Mmoja wa wanawake wa pasi alimwambia kwa sauti ya chini, "Milimita, usijali, kaka," na hilo lilimuuma kuliko maneno ya meneja.

Wakati wa chakula cha mchana alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya mashine, akapiga hesabu. Kwenye simu alikuwa ameona sarafu moja yenye kosa iliyouzwa kwa bei ya nyumba. Alijiambia kuwa yeye si mjinga, hakutegemea nyumba. Alichukua sehemu ya kumi ya bei ile, akaizidisha kwa saba, akatoa asilimia ishirini kwa ajili ya tahadhari. Kilichobaki kilikuwa mshahara wa miaka sita. Alhamisi mchana alikuwa na miadi na mama mmoja, mstaafu wa benki, aliyejulikana kwa kununua sarafu za makosa. Ijumaa saa sita angefukuzwa. Kati ya siku hizo mbili palikuwa na nafasi ya mtu kuondoka mwenyewe, kwa heshima.

Aliandika barua. Aliiandika mara tatu. Ya mwisho ilisema kwamba, kutokana na shughuli zake za kitaalamu katika nyanja ya sarafu, ambazo sasa zinahitaji muda wake wote, analazimika kujiuzulu wadhifa wake, na anaitakia menejimenti mafanikio. Neno "nyanja" alilitafakari sana kabla ya kuliacha pale.

Alhamisi saa mbili asubuhi alimkabidhi karani wa ofisi bahasha iliyofungwa.

"Meneja yuko safarini mpaka kesho," alisema karani. "Ni ya haraka?"

"Si ya haraka," alisema fundi, na akajisikia mtu mkubwa. "Ataikuta."

*

Yule mstaafu wa benki aliishi ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Chumba kilikuwa na meza moja, taa moja, kabati la chuma na viti viwili, na fundi alikaa ukingoni mwa kimoja, kama anayeogopa kukichakaza.

Fundi alitandika leso aliyoipigia pasi mwenyewe, akazipanga sarafu saba kwa tarehe za kupatikana, akaweka daftari pembeni, limefunguliwa.

"Nimeanza na utangulizi mfupi," alisema.

"Baadaye, mwanangu." Yule mama alichukua sarafu ya kwanza bila lenzi. Aliizungusha kwa kidole gumba, kama mama mkwe alivyofanya. Akachukua ya pili. Ya tatu hakuigusa. "Unafanya kazi gani?"

"Fundi wa mashine."

"Mashine za nini?"

"Za kufua na kukausha nguo. Za kibiashara, zile kubwa."

Mama alimtazama. Kisha akaenda kabatini, akarudi na kisanduku cha bati, akakifungua mbele yake. Ndani mlikuwa na sarafu hamsini au sitini, za thamani mbalimbali, zote ndogo kuliko kawaida, zote zenye ukingo mnene na laini.

"Hizi nimeletewa na watu wa hoteli," alisema. "Hizi na watu wa hospitali. Hii na askari mmoja. Wewe ni wa kwanza kuniletea zikiwa zimepimwa."

"Sijaelewa, mama."

"Sarafu hudondoka kutoka mfukoni ndani ya mashine ya kukaushia. Hupenya kwenye uwazi kati ya ngoma na ganda la nje, ikanasa. Kila ngoma ikizunguka, sarafu hupanda na kuanguka kwa ukingo wake. Kak. Miezi mitatu, minne. Ukingo unapondwa, unanenepa, unarudi ndani. Uzito haupungui sana. Upana unapungua." Aliirudisha sarafu kwenye leso, polepole. "Mtambo wa kiwanda cha sarafu hugonga mara moja tu, mwanangu. Hii imegongwa mara laki kadhaa."

Fundi alitazama daftari. Vipimo vyote vilikuwa sahihi. Hata sasa hakuona kipimo cha kufuta.

"Kwa hiyo miezi mitano nimefanya nini?"

"Umepima kazi ya mashine. Umeipima vizuri sana. Zilitoka kwa nani?"

"Kwenye kibanda cha mke wangu."

"Hilo ni wapi. Nimeuliza kwa nani."

Mama alilivuta daftari, akapitisha kidole juu ya safu nne.

"Mimi nilikaa dirishani benki miaka thelathini na moja," alisema. "Fedha ikija na walakini, kitu cha kwanza tunaandika ni nani kaileta. Upana unafuata."

Alizikataa zote saba. Ishirini ni ishirini, alisema. Dukani wataipokea, wakiwa na haraka. Lakini aliendelea kufungua kurasa mpaka ya mwisho, ambako fundi alikuwa amebandika kwa gundi ya karatasi sarafu moja ya shilingi kumi chini ya kichwa "Mengineyo". Aliibandua, akaigeuza juu chini. Nembo ya upande wa pili ililala ubavu badala ya kusimama.

"Hii hukuitaja."

"Ni ndogo hiyo, mama. Niliona haina uzito wa hoja."

"Hili ndilo kosa la kiwandani. Chapa ya juu ilizunguka robo duara. Nakupa mia mbili."

Fundi alipokea mia mbili. Aliteremka ngazi za ghorofa tatu akizihesabu, kwa sababu alihitaji kuhesabu kitu. Ngazi ya arobaini na sita aliikumbuka barua. Saa ya duka la viatu ilionyesha saa kumi na dakika tano. Ofisi hufungwa saa kumi.

*

"Umeandika nini?" aliuliza mkewe.

"Barua."

"Ya kuacha kazi."

"Ya kujiuzulu. Ndivyo inavyoitwa."

Mkewe alikaa chini. Hakupiga kelele, na fundi alitamani apige. Jua lilikuwa bado linaingia kwa dirisha. Sinia lilikuwa juu ya meza, tupu. Aliwaeleza yote, bila kuruka kitu: sentensi za barua, hesabu ya mshahara wa miaka sita, asilimia ishirini ya tahadhari, kisanduku cha bati. Alijitahidi kuyasema kwa namna ya kuchekesha. Alipofika kwenye neno "nyanja", mama mkwe aliinua kichwa.

"Kwa hiyo jicho langu limejiuzulu," alisema.

"Mama, jamani," alisema mkewe.

"Si nauliza tu? Kadi ni ya kazi. Kazi haipo. Jicho litakwenda hospitali kwa cheo gani?"

"Mama, nisamehe," alisema fundi. Safari hii hakuongeza mzaha.

"Sijakulaumu, baba. Nilikuambia imesuguliwa, ukasema ni jambo la macho. Yangu hayaoni. Nikajua labda yako yanaona."

Fundi alienda kwenye begi lake la kazi, akatoa daftari la mashine namba tatu. Aliliweka mezani kando ya daftari la sarafu. Hakuwa na mpango. Alikuwa mtu wa kutafuta faraja kwenye safu za tarakimu. Alipitisha kidole. Sauti imekoma, tarehe tisa. Sarafu ya kwanza, tarehe tisa. Sauti imekoma, tarehe ishirini na sita. Sarafu ya pili, tarehe ishirini na saba. Alifika hadi Jumanne hii: sauti imekoma saa nne asubuhi, sababu haijulikani; sarafu ya saba, jioni.

"Zinatoka kwenye mashine yangu," alisema. "Kila moja ikichomoka, mashine inanyamaza. Halafu nyingine iliyonasa humo inalegea, inaanza kugonga. Hakukuwa na beringi mbovu. Beringi nimeziagiza bure." Alicheka kidogo, peke yake. "Lakini zinafikaje kibandani kwako? Kibanda kiko ng'ambo ya barabara, nje kabisa ya kazini kwetu."

"Mfagiaji," alisema mkewe.

"Mfagiaji gani?"

"Wa kwenu. Mwembamba, mwenye kitambaa. Huja saa nne na nusu, chai moja na kipande cha mkate. Siku nyingine analipa kwa hivyo vishilingi vyako vilivyonyauka. Duka la kona wanavikataa. Mimi navipokea, namwonea huruma."

Fundi alimtazama mkewe kama mtu anayetazama ukuta uliozungumza.

"Miezi mitano! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Umekaa hapo miezi mitano. Umeniuliza kalamu iko wapi. Umeniuliza kama sinia limefutwa. Umeniambia nisikuzibe mwanga. Siku moja tu ungesema, mama watoto, hii alikupa nani? Ningekujibu nikiwa nakunja mifuko."

Mama mkwe alicheka hadi akakohoa. Fundi alichukua rula, akachora mstari kwenye nafasi iliyobaki upande wa kulia wa ukurasa. Juu yake aliandika: Imetoka kwa nani. Akaweka kalamu kwenye mstari wa sarafu ya kwanza.

"Ngoja," alisema mkewe. "Kesho utamwambia nini bosi wako?"

"Nitamwambia ni sarafu. Nimwonyeshe tarehe. Ushahidi uko wazi."

"Atauliza umejuaje. Utamtaja?"

Ukutani kazini palikuwa na ubao: KILA KINACHOOKOTWA KIPELEKWE MAPOKEZI. Mwaka uliopita mpiga pasi mmoja alikuwa amefukuzwa kwa ajili ya hereni moja. Ya pili haikupatikana, na hata hiyo moja ilikuwa ya bati.

"Saba mara ishirini," alisema mkewe. "Mia na arobaini. Kwa miezi mitano. Ndio wizi wake wote huo, na ameunywea chai kwangu."

"Lakini ni kweli kwamba ni yeye."

"Ni kweli. Na jicho la mama ni kweli. Chagua namna ya kuyasema yote mawili bila kumuua mtu."

Kalamu ilikaa juu ya karatasi mpaka ikaacha nukta ya wino. Fundi alifunga daftari, safu ya tano ikiwa na kichwa na nukta moja tu.

*

Ijumaa saa moja na nusu alikuwa mlangoni mwa ofisi. Karani alifika saa mbili kasoro dakika tano, akiwa na chupa ya chai kwapani.

"Milimita! Afadhali umekuja. Barua yako ina kasoro."

"Uliifungua?"

"Barua zote za meneja nazifungua mimi, ndiyo kazi. Niliisoma. Tuliisoma." Alikohoa kidogo. "Ni nzuri. Lakini hukuweka sahihi. Siwezi kumpelekea bosi karatasi ambayo haina mwenyewe. Saini hapa."

Fundi alitazama. Tarehe ilikuwepo, anwani ilikuwepo, kichwa cha habari kilikuwa kimepigiwa mstari kwa rula. Chini ya "Wako mtiifu" palikuwa peupe kabisa.

"Sina kalamu," alisema.

"Chukua yangu."

"Ina wino gani?"

"Bluu."

"Mimi husaini kwa nyeusi."

Karani na fundi waliajiriwa mwaka ule ule. Watoto wao walisoma darasa moja. Aliikunja barua mara mbili, akaiingiza kwenye mfuko wa shati la fundi, akaupigapiga.

"Basi ukiipata nyeusi utanirudishia," alisema. "Nenda kwenye nyanja yako."

Wanawake wa pasi walimpokea kwa kusimama wote pamoja. "Gavana wa Benki!" aliita mmoja. "Tunaomba chenji!" Fundi aliinama kama mtu anayepokea nishani. Kisha akazima mashine namba tatu, akafungua skrubu kumi na mbili za ganda la mbele, ambalo hakuwa ameligusa tangu mashine ifike, maana beringi ziko nyuma. Alilitoa ganda, akamulika kwa tochi.

Kwenye mdomo wa ngoma, zikiwa zimebanana kwenye manyoya, mlikuwa na sarafu kumi na moja, kifungo cha sare ya mlinzi na ufunguo wa chumba cha hoteli namba 208.

Meneja alifika saa tano na nusu. Aliwasha mashine mwenyewe, akaisikiliza ikizunguka dakika tatu nzima. Ilitoa sauti ya upepo tu.

"Umejuaje?" aliuliza.

Mfagiaji alikuwa kwenye kona ya mbali na ufagio, na ufagio ulikuwa umesimama.

"Bosi, nimejua kwa ujinga," alisema fundi. "Nina daftari." Akalitoa. Alimsomea mbele ya watu kumi na mmoja: sarafu ya kwanza, upana, uzito, hali ya ukingo. Alimweleza pete ndogo, chapa iliyolegea, wakaguzi waliopitiwa. Alimweleza bei ya nyumba, na jinsi alivyoigawa kwa kumi kwa sababu yeye si mjinga. Alimweleza mstaafu wa benki na kisanduku cha bati. Alitoa barua mfukoni, akaisoma yote, polepole, na kwenye "nyanja" alisubiri. Wanawake walikuwa wanashikana mabega. Meneja alikuwa ameegemea mashine, amefunika uso kwa mkono, mabega yanatikisika.

"Miezi mitano," alisema meneja alipopata pumzi. "Uchafu wa mashine yako mwenyewe. Kwa kalipa!"

"Hadi nusu milimita, bosi."

"Na zilifikaje kwa mkeo?"

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha, na fundi alikitumia. Alimpa daftari.

"Hapo ndipo kilele cha kazi yangu, bosi. Tazama mwenyewe kama kuna mahali nimeandika zilitoka kwa nani."

Meneja alifungua kurasa. Tarehe, upana, uzito, ukingo. Tarehe, upana, uzito, ukingo. Alifika kwenye safu ya tano, yenye kichwa na nukta.

"Hii je?"

"Hiyo nimeichora jana. Baada ya kuulizwa swali hilo na yule mama wa benki nikakosa la kusema."

"Umepima kila kitu isipokuwa kitu chenyewe."

"Ndiyo, bosi."

Meneja alirudisha daftari. Aliagiza vilivyotolewa vipelekwe mapokezi. Kuhusu beringi, fundi angefanya kazi Jumapili nne bila malipo, na ripoti zake kuanzia leo zisizidi nusu ukurasa. Akatoka. Mlangoni alianza kucheka upya.

Watu walirudi kwenye pasi zao. Mfagiaji alikuja na ufagio wake mpaka kwenye mashine namba tatu, akavuta droo ya chini, akazoa manyoya kwa utulivu kama kila siku. Kisha akafungua kiganja mbele ya fundi. Ndani mlikuwa na sarafu ya ishirini, ndogo, laini, yenye ukingo mnene.

"Hii imedondoka ulipotoa ganda, kaka," alisema. Macho aliyaelekeza kwenye droo. "Niipeleke mapokezi?"

"Ipeleke, dada. Ngoja kwanza."

Aliipima. Milimita ishirini na tatu na robo. Ilikuwa ndogo kuliko zote. Mfagiaji alisubiri, kiganja wazi, mpaka aliporudishiwa. Wakati mfagiaji anafika mapokezi, fundi alikuwa ameketi kwenye ndoo yake iliyogeuzwa, daftari gotini. Aliandika sarafu ya nane, tarehe, upana, uzito, ukingo. Alipofika kwenye safu ya tano alifikiri kidogo, maana hakutaka kuandika lisilo kweli. Halafu akaijaza kuanzia ya kwanza hadi ya nane, neno lile lile mara nane, kwa mwandiko wa kuchapa: mashine namba tatu.

Saa nne na nusu ya Jumatatu, mkewe alisema baadaye, mfagiaji alikuja kibandani kama kawaida. Alilipa kwa sarafu ya upana kamili. Mkewe alikuwa ameigeuza mara mbili, akaichungulia nembo, akaipima kwa jicho, kabla hajashtukia kile alichokuwa anafanya na kuitupa mkebeni.